Jinsi Ninavyowakamata Wauza Gemu Feki kwa Namba Zao Wenyewe

Ushauri wa kwanza ninaotaka kuufukia ni huu: "Chomeka kaseti, ikiwaka na kuandika Nintendo, ujue ni orijino." Nimeusikia kwa mafundi simu wa hapa Mwanga, Kigoma, nimeusikia kwa wauzaji wa Kariakoo, na hata shemeji yangu, ambaye gemu pekee aliyowahi kucheza ni ya nyoka kwenye simu ya tochi, naye alinipa kwa kujiamini kabisa. Game Boy ya kwanza, ile mashine ya Nintendo ya kuchezea gemu mkononi ya mwaka 1989, ukiiwasha inasoma alama ya Nintendo iliyomo ndani ya kaseti na kuilinganisha na ile iliyomo ndani ya mashine. Zikifanana, gemu inaanza. Zikitofautiana, inagoma hapohapo. Kwa hiyo mtu anayetengeneza kaseti feki lazima ainakili alama hiyo, la sivyo kaseti yake haiuziki. Game Boy Advance nayo ni hivyohivyo. Kuwaka kunakuonyesha tu kwamba aliyenakili alikuwa makini.

Nina banda la gemu Kigoma mjini. Kipato kikubwa ni PlayStation na mpira, lakini pembeni nakodisha na kuuza gemu za mkononi: PSP, DS, Game Boy Advance na Switch moja moja zikipatikana. Mizigo inatoka kila upande. Mingine inakuja na treni kutoka Dar, mingine inapita Manyovu kutoka Bujumbura, na mingine inashuka na maboti Kibirizi ikiwa imechanganywa na vitenge. Huko kote hakuna risiti wala boksi. Unakuta kitu kimefungwa kwenye soksi, muuzaji anakutazama usoni apime bei.

Ndipo nikaanza kutafuta namna ya kuzitumia namba zilizo nyuma ya mashine. Fundi mmoja jirani, mtu mzima ninayemheshimu kwa kazi ya kubadilisha vioo, akaniambia: "Kaka, unahangaika nini? Tuma hiyo serial namba kwenda 15090, kama simu. Ikigoma, feki." Kwa wasiokumbuka, 15090 ndiyo namba ya kuhakiki IMEI, ile tuliyoichakaza vidole mwaka 2016, kabla simu feki hazijazimwa mwezi Juni. Nikamwambia IMEI ni tarakimu 15 na ni ya kifaa kinachoshika mtandao wa simu. Gemu haina laini, itaipata wapi? Akasema mimi mbishi. Vijana wa banda wakaunga mkono upande wake, mmoja akaweka dau la soda. Basi nikatuma, mbele ya mashahidi, namba ya DS Lite yenye herufi mbele yake. Jibu lililorudi halikuwa na msaada wowote. Fundi akatoa hukumu palepale: "Umeona? Feki." Nikaomba DS nyingine, ya mwanafunzi mmoja aliyeletewa na shangazi yake ikiwa mpya ndani ya boksi. Tukatuma. Jibu lilelile. Nayo feki? Shangazi naye feki? Soda nilikunywa mimi, ya baridi, taratibu, huku namtazama usoni.

Wengine walinielekeza kwenye tovuti za kuchapa serial namba upate majibu. Nyingi zinatazama mpangilio tu, kwamba herufi fulani mbele ni za toleo fulani. Kwa Switch zina faida yake: namba inayoanza na XAW ni ya toleo la kwanza, na XKW ni ya toleo la 2019 ambalo betri yake inadumu zaidi. Hilo linasaidia kujua bei. Lakini mtu akinakili namba halali kutoka kwenye picha ya mtandaoni na kuichapa kwenye stika, tovuti itasema sawa. Namba moja ukiiuliza yenyewe itajitetea tu. Lazima uitafutie namba ya pili, au kitu kingine kwenye mashine, uone kama vinakubaliana. Mimi nafanya hivyo tu, na hela yangu imepona mara nyingi.

Anza na msimbo wa modeli, sio serial namba. Kila mashine ya Nintendo ina herufi zake: Game Boy ya kwanza ni DMG, Game Boy Color ni CGB, Advance ni AGB, Advance SP ni AGS, DS ni NTR, DS Lite ni USG, 3DS ni CTR, Switch ya kwanza ni HAC, Switch Lite ni HDH. Betri nayo inabeba herufi hizohizo: ya SP ni AGS-003, ya DS Lite ni USG-003. Ukifungua nyuma ukakuta betri haina hata herufi moja ya familia hiyo, mashine si lazima iwe feki, ila ujue imeshapita mikononi mwa watu, na bei ishuke.

Sasa niwape ya SP, maana hiyo ndiyo naisimulia hata msibani.

Game Boy Advance SP ziko za aina mbili ambazo ukiziweka mezani zimefungwa zinafanana. AGS-001 ya mwaka 2003 ina taa inayomulika kioo kutoka mbele, na picha inaonekana kama imepauka. AGS-101, iliyokuja 2005, kioo chake kinawaka kwa nyuma na picha ni kali. Wanaojua wanalipa zaidi kwa 101, wakati mwingine karibu mara mbili. Akaja jamaa mmoja na mzigo wa Bujumbura, kavaa koti jua kali, na SP ya rangi ya fedha. Nyuma stika safi kabisa: AGS-101. Akanigeuzia ile stika kabla hata sijaomba. Mtu anayekuonyesha stika kabla ya kioo, mtilie shaka.

"Hii ni mia na moja, bosi. Soma mwenyewe."

Nikasoma. Namba imenyooka, herufi ziko sawa. Nikasifia. Nikamuuliza habari za barabara, nikamwagizia chai. Halafu nikaiwasha nikiwa nimeegemea mlangoni kwenye mwanga, ambako vioo vyote vinaonekana vizuri, ili asijue natafuta nini. Katikati, juu ya vitufe, SP ina kitufe kidogo cha taa. Kwenye 001 kitufe hicho kinawasha na kuzima taa. Kwenye 101 hakizimi: kinakupeleka kwenye mwanga mkali au hafifu, basi. Nikaingia nayo ndani kabisa, kwenye giza la nyuma ya pazia, nikabonyeza. Taa ikazima pwa. Nikabonyeza tena, ikawaka. Nikazima tena. Nilifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, nakiri nilikuwa nafurahia.

Nikamwita. "Kaka, hii mia na moja yako inalala kabisa?"

Akasema labda betri. Nikamwonyesha SP yangu, 101 ya kweli, kitufe kilekile, mwanga unapungua lakini hauzimi. Akanyamaza, akanywa chai yangu, kisha akasema hata yeye aliuziwa hivyohivyo. Huenda ni kweli. Nilimpa bei ya 001, elfu hamsini na kitu, akachukua. Ila angalizo: siku hizi kuna vioo vya kubandika kutoka China ambavyo vina tabia zao wenyewe, kwa hiyo mashine iliyobadilishwa kioo kipimo hiki hakiifai.

PSP, ile ya Sony, ni rahisi zaidi na sitakaa sana hapo. Tarakimu ya mwisho ya modeli inakuambia ilikouzwa: PSP-1001 ni ya Amerika Kaskazini, 1003 ni Uingereza, 1004 Ulaya, 1000 yenyewe Japani. Ya Japani utaigundua hata bila stika, maana kukubali unabonyeza duara badala ya msalaba. Mtu akikuuzia toleo la "3000" halafu kitufe cha chini kimeandikwa HOME, mrudishie. 3000 ina alama ya PS hapo. Akikuuzia "2000" na swichi ya wayalesi iko ubavuni kushoto, hiyo ni 1000, kwa sababu kwenye 2000 swichi ilihamia juu. Betri iliyoandikwa 3600 mAh ikiwa nyembamba kama ya kawaida ni uongo mtupu. Ya kiwandani ya 1000 ni 1800, ya 2000 na 3000 ni 1200. Kuhusu diski zake, zile UMD, lala usingizi: hazikuwahi kuuzwa tupu madukani, kwa hiyo kopi zake ni nadra kuzikuta. Angalia tu msimbo, ULUS ni ya Marekani na ULES ya Ulaya, na zote zinacheza.

Switch ndiyo inayonipendeza maana namba yake iko sehemu mbili. Stika iko ukingo wa chini, karibu na tundu la chaji. Ingia kwenye mipangilio, shuka hadi kwenye mfumo, utaikuta serial namba imeandikwa ndani. Zilinganishe tarakimu kwa tarakimu. Zikitofautiana, ganda ni la mashine moja na bodi ni ya nyingine, na hapo usitoe hata nauli. Boksi likiwepo, nalo lina namba hiyohiyo.

Kaseti ni habari nyingine, na hapa wengi wanapotea. Kaseti haina serial namba yake peke yake kama mashine. Ina msimbo wa gemu, ambao ni mmoja kwa kaseti zote za gemu hiyo katika soko hilo. Pokémon Emerald ya Marekani imeandikwa AGB-BPEE-USA, FireRed ni AGB-BPRE-USA, LeafGreen AGB-BPGE-USA. Feki nyingi zinajikamatisha hapo: picha ni ya Emerald, msimbo ni wa gemu nyingine. Kwa kaseti za DS geuza nyuma: herufi nne za katikati ya msimbo wa mbele lazima ziwe ndizo zinazoanza ile namba ndogo ya nyuma. Pokémon Diamond ya Marekani mbele ni NTR-ADAE-USA, nyuma ianze ADAE.

Kisha kuna namba iliyofichwa. Kaseti orijino za Advance zina tarakimu mbili, wakati mwingine na herufi, zilizogandamizwa kwenye lebo bila wino. Kwa macho ya kawaida huioni, hasa lebo ikishapakwa mawese na watoto waliotoka kula. Zima taa, laza tochi ya simu mezani ili mwanga upite juu ya lebo kwa ubavu, kisha zungusha kaseti polepole. Namba inachomoza yenyewe. Piga picha hapohapo. Mwisho tazama chini, palipo na vyuma vya dhahabu: kwenye bodi, juu ya vyuma hivyo, paandikwe Nintendo, na maandishi yasiwe yamepinda.

Mimi naandika vyote daftarini: msimbo, ile namba ya kugandamizwa, mikwaruzo, na picha kwenye simu. Watu walinicheka, wakaniita karani wa bandari. Mpaka kijana mmoja wa mtaani, mteja mzuri tu, alipokodi Emerald yangu wikiendi na kurudisha nyingine. Ganda kijani, linapitisha mwanga, picha ileile, na msimbo BPEE kama unavyotakiwa. Kazi nzuri, nampa haki yake. Nikailaza kwenye tochi: lebo tambarare kama paji la mtoto, hakuna namba. Chini, hakuna Nintendo. Daftari linasema 22A.

Nikampigia baba yake. Mzee akaja amekunja ndita. "Mwanangu, gemu si ni ileile? Inawaka, inacheza. Unamwita mtoto wangu mwizi kwa ajili ya karatasi?"

"Shikamoo mzee. Simwiti mwizi. Naomba tu uitazame hii picha, halafu uitazame hii kaseti."

Nikamkalisha nyuma ya pazia, nikamkabidhi tochi aishike mwenyewe, nikamletea na kaseti nyingine za orijino azijaribu. Ilikuwa lazima aione kwa mkono wake, maana ningemwonyesha mimi angesema ni kiini macho. Akaizungusha ya kwanza, namba ikatokea. Ya pili, ikatokea. Akachukua ya mwanawe, akazungusha, akazungusha, akaifuta kwa kanzu, akazungusha tena. Kisha akanyanyuka bila neno, akatoka.

Tahadhari kwa watakaofuata njia hii: ile namba ya kugandamizwa si ya kaseti moja, inarudiwa kwenye nyingi, na lebo ikichakaa inaweza kufutika hata kwenye orijino. Kwa hiyo ikifanana haitoshi, ndiyo maana naandika na mikwaruzo. Lakini kilichotoka na 22A hakiwezi kurudi kitupu baada ya siku mbili.

Emerald yangu ilirudi kabla ya magharibi, imefungwa kwenye gazeti, 22A na mkwaruzo wake pembeni. Kijana alikuwa ameshapatana bei na mnunuzi wa mtandaoni, kama laki na kitu. Ile kopi mzee alisema nikae nayo, hataki kuiona nyumbani kwake. Nimeiandika FEKI kwa maka peni nyekundu na naikodisha kwa nusu bei. Inasevu ikijisikia, na watoto wanajua hilo kabla ya kulipa.