Tulivyopata CT-Scan ya mzee bila kukanyaga Dar

Baba alipoanza kuburuza mguu, wiki chache baada ya kuteleza bafuni, ukoo mzima uligeuka madaktari. Binamu: uzeni kiwanja mwende India. Jirani: pandeni basi la Dar, huku mikoani mashine ya CT-Scan, ile ya kupiga picha ya ndani ya kichwa, hakuna. Huyo ndiye aliyenikera, maana mashine zipo. Ule mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa mwaka 2021, shilingi trilioni 1.3, ulifikisha CT-Scan mpaka hospitali za rufaa za mikoa. Kazi ni kuikuta nzima.

Hospitali ya kwanza, jina nalihifadhi, mashine inang'aa, nailoni ya kiwandani haijabanduliwa yote. Mlangoni karatasi: "Huduma imesitishwa kwa muda." Selotepu yake imeshakuwa ya njano! Kijana wa mionzi akanivuta pembeni: "Kaka, mashine haina shida. Kiyoyozi ndicho kimekufa." Chumba kikipata joto haiwashwi. Mali ya pesa nyingi imelala, inasubiri fundi wa AC. Na serikali zetu za Afrika ziliahidi pale Abuja, Nigeria, mwaka 2001, asilimia 15 ya bajeti iende afya. Kununua kuna utepe wa kukata, kutengeneza hakuna.

Yule kijana, Mungu ambariki, alinipa namba za wenzake aliosoma nao, walio hospitali nyingine. Hapo ndipo nilipojiona mjanja. Ukiuliza "mna CT-Scan?" utajibiwa ndiyo hata kama ina utando wa buibui. Mimi nikawa nauliza: "Leo mmeshapiga wangapi?" Wa kwanza akaguna. Wa pili akaniambia nipige Jumatatu. Wa tatu, dada mmoja aliyechoka kabisa, akajibu, "Wanane, na foleni bado ndefu." Nikakodi Noah saa ileile.

Mzee hana bima, tukalipa laki mbili na ushee. Kupigwa ni dakika chache. Kilichochelewa ni majibu, kwa kuwa picha zilitumwa mtandaoni kwa daktari bingwa aliye mbali. Damu ilikuwa imevilia kati ya fuvu na ubongo.

Filamu pekee, ile picha ya plastiki, usikubali, dai na CD yenye picha hizo. Kule hospitali ya kanda tulikopelekwa baadaye walitaka kupiga upya, nikaichomoa mfukoni mwa koti. Daktari akaitazama, akaandika upasuaji wa kesho yake. Ila nenda na CD tupu yako mwenyewe, zao huwa zimeisha.