Mkanda wa begi

Mahujaji wanaokwenda kwa miguu Namugongo, kule Uganda walikouawa Mashahidi wa Uganda, wameanza kupita hapa Busia, mpakani. Tarehe 3 Juni, sikukuu ya mashahidi hao, imekaribia, na mimi fundi cherehani nina lundo la gomesi za watu, yale magauni marefu ya kina mama.

Leo mchana mama mmoja kutoka upande wa Kenya akasimama mlangoni. Mkanda wa begi umekatika.

"Fundi, nisaidie. Safari bado ndefu."

Mkanda ulikuwa umekaukiwa na chumvi ya jasho, mistari myeupe kabisa, mgumu hadi sindano inagoma. Nikashona mara mbili, halafu nikapiga kijimsalaba cha uzi pale uzito unapokaa. Kazi ndogo, jamani, lakini niliikazia macho kuliko gomesi yoyote ya harusi!

Hela nikakataa. Akaniuliza jina, akaliandika kwenye kikaratasi chake cha maombi, chini ya jina la mwanawe.

Tangu hapo namuwaza Paulo. Naye alikuwa fundi wa mahema, Matendo 18:3. Sijui mshono wake ulimfikisha nani wapi.

Wenye gomesi mtanivumilia mpaka kesho.

Mafundi wenzangu, watu wa bodaboda, mama zangu wa sokoni: kazi yako iliwahi kukugeukia sala? Niambieni hapa.