Usipange Mawe Juu ya Bati

Nilipojenga banda la kuku hapa Kilwa, kila aliyepita alinipa ushauri uleule: panga mawe juu ya bati, upepo hautaliinua. Nikapanga. Usiku mmoja wa mwaka 2023 kusi ilivuma kwa nguvu, ikaingia upande wa wavu, ikajaa ndani na kulisukuma paa kutoka chini. Bati tatu ziling'oka na misumari yake, mawe yakaporomokea ndani. Nilizika kuku ishirini na mmoja, wengi wao wamepondwa na mawe. Mpaka leo linaniuma.

Aliyenifumbua macho ni baba mkwe, aliyefanya kazi kwenye majahazi tangu ujana. Alilitazama paa, akauliza, "Mwanangu, mlingoti huwa tunaukandamiza kwa mawe?"

"Hapana, baba. Mnaufunga."

Basi nikafunga. Kila kona, na katikati ya kila ubavu, nilichimba shimo la kina cha mapajani, nikalaza humo kipande cha nguzo, nikakizungushia waya mnene wa mabati, nikafukia huku nikishindilia kwa mchi. Waya ukapanda mara mbili hadi juu ya kenchi, zile mbao kubwa zinazobeba paa. Usiufunge kwenye papi, mbao nyembamba zinazopigiliwa bati, zitang'oka nazo. Kisha nikapitisha kipande cha nondo katikati ya nyaya mbili na kukizungusha, kama mtu anavyokamua kanga. Waya ulianza kulia! Wa kwanza niliukaza kupita kiasi ukakatika. Ukisikia unalia, acha hapo, ufunge nondo isirudi nyuma.

Pembeni mwa paa nilipiga msumari kwenye kila mgongo wa bati, maana upepo huanzia hapo. Mnazi uliolielekea banda niliukata. Yote kama laki moja na ushee.

Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza Kimbunga Hidaya, nilikaza kila waya nusu mzunguko, nikashusha turubai upande wa upepo na kulipigilia mbao. Paa lilitetemeka usiku kucha, lakini halikutoka hata bati moja. Barabara ya Dar es Salaam ilikatika Somanga, chakula cha kuku hakikufika, nikawachanganyia pumba na dagaa.

Baba mkwe alipokuja alizigusa nyaya moja moja kwa kidole. "Huu wa kona umelegea," akasema. Nikaleta nondo.