Mnara wa Kuazima

Jumamosi iliyopita nilitimiza nia ya siku nyingi kwa kuitembelea Zhuozheng Yuan, bustani ya kale iliyomo katika mji wa Suzhou, China, ambayo ilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 16 na Wang Xiancheng, ofisa wa enzi ya Ming aliyeachana na utumishi wa serikali, na ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1997. Nilitarajia maua, nilichokikuta zaidi ni maji, kwa kuwa kumbi, vibanda na njia zenye paa vimepangwa kuyazunguka madimbwi ya mayungiyungi. Lililonishangaza kuliko yote ni mnara wa hekalu la Beisi, unaoonekana ng'ambo ya maji kana kwamba umejengwa ndani ya bustani, ilhali uko mbali nje ya kuta zake. Ufundi huo Wachina huuita kuazima mandhari. Nilisimama hapo muda mrefu, nikipigwa vikumbo na watalii (umati, kusema kweli, ulikuwa kero), na sikupata picha hata moja iliyofanana na nilichokiona.