Barua ya Kuomba Ukurasa wa OB

Karatasi pekee tuliyokuwa nayo kutoka kwa polisi baada ya kifo cha Baba ilikuwa abstrakti, yaani muhtasari wa ripoti ya polisi, ile fomu ya P41 inayojulikana na kila Mkenya aliyewahi kufuatilia ajali ya barabarani. Baba aligongwa na lori jioni ya tarehe 9 Novemba 2018 alipokuwa akirudi nyumbani kwa baiskeli kutoka kazini, kwenye barabara kuu inayopita karibu na kwetu Pwani, akafariki hospitalini usiku uleule. Abstrakti ilikuwa na nambari ya usajili wa lori, jina la mwenye lori na nambari ya OB, yaani Occurrence Book, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Sehemu ya kampuni ya bima iliachwa tupu, na mahali pa matokeo ya uchunguzi palipigwa herufi tatu, PUI, yaani kesi bado inachunguzwa. Mwaka 2019 ulianza, ukasonga mbele, na kila nilipokwenda kuulizia nilirudi na herufi hizohizo.

Wakili aliyekubali kutusaidia alitueleza kwamba wategemezi wa marehemu wana miaka mitatu ya kufungua kesi ya kudai fidia, na kwamba bila jina la bima, bila ripoti ya ukaguzi wa lori na bila mchoro wa eneo la ajali angekuwa anakwenda mahakamani mikono mitupu. Mimi nilisikiliza hayo kwa makini kwa sababu wadogo zangu wawili walikuwa bado shuleni. Mama, hata hivyo, hakuwa akiuliza habari za bima. Alichotaka kujua ni nani aliyemwokota mumewe, na kama alikaa kwa muda mrefu barabarani kabla ya kuokotwa. Hospitali ilimwambia tu kwamba aliletwa na gari la polisi. Swali hilo lilimkosesha usingizi, na lilikuwa na jibu lililoandikwa kwa wino katika kitabu kilichokuwa umbali wa nusu saa kutoka nyumbani kwetu kwa matatu.

Kituo chenyewe sitakitaja. Mara ya kwanza niliambiwa kwamba askari aliyekuwa akishughulikia faili amehamishwa. Mara iliyofuata niliambiwa nirudi Jumatatu, na Jumatatu ilipofika nikaambiwa kwamba mkuu wa kituo yuko kwenye mkutano. Sajini mmoja mwenye heshima zake, ambaye alinijua kwa sababu nilimfundisha mtoto wake darasa la nne, alinivuta pembeni akaniuliza, "Mwalimu, unayataka ya nini hayo?" Nilimjibu kwamba marehemu ni baba yangu. Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akasema, "OB haitoki nje ya kituo, Mwalimu. Ndivyo ilivyo."

Nilikuwa nimeiona OB hiyo kutoka upande wangu wa kaunta. Ni kitabu kikubwa chenye jalada gumu, kurasa zake zimepigwa mistari, na kila tukio linaloripotiwa huandikwa humo kwa mkono: nambari, saa, aina ya tukio, kisha maelezo. Nambari huanza moja kila siku mpya inapoingia usiku wa manane, ndiyo maana nambari ya OB hubeba tarehe ndani yake. Yetu ilikuwa 41/9/11/2018, maana yake tukio la arubaini na moja la siku hiyo. Mtu akiielewa hesabu hiyo anajua kwamba ukurasa anaoutafuta hauhitaji kusakwa. Askari akishaipata tarehe, ameupata ukurasa.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa mtaani kwetu, karani mstaafu wa mahakama, ambaye sasa alikuwa akiuza vifaa vya shule na kuwaandikia watu barua. Nilikwenda kwake kununua chaki, nikajikuta nimemweleza habari yote. Hakunipa pole za maneno mengi. Aliniuliza kama nimewahi kuandika chochote, nami nikasema nimekwenda mwenyewe. Akasema, "Mwanangu, ukiwauliza nini kilitokea, watakuambia uchunguzi unaendelea, na hawatakuwa wamekudanganya. Waombe kitu ambacho kimekwisha kuandikwa." Kisha akatoa kwenye droo nakala ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, imekunjwa na kuchorwachorwa kwa kalamu nyekundu, tukakaa nayo mpaka maghribi.

Nataka kueleza alichonionyesha, kwa sababu nimekutana na watu wengi wanaodhani kwamba karatasi pekee ambayo raia anaweza kuiomba polisi ni cheti cha tabia njema. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila raia wa Kenya haki ya kupata habari zinazoshikiliwa na Serikali, na polisi ni Serikali. Sheria ya 2016 ndiyo inayosema haki hiyo inatumikaje. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na mwombaji anatakiwa kutoa maelezo ya kutosha ili afisa aelewe ni habari gani inayoombwa. Asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, anaweza kulitamka ombi lake na afisa akawajibika kuliandika kwa niaba yake na kumpa nakala. Sababu za mwombaji haziwezi kutumiwa kumpunguzia haki hiyo, kwa hiyo lile swali la "unayataka ya nini", hata likiulizwa kwa upole, halikuwa na uzito wowote wa kisheria. Kuomba ni bure, na kinacholipiwa ni gharama ya nafuu ya kutoa nakala. Afisa ana siku 21 za kujibu, anazoweza kuongeza mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14, ikiwa ombi ni kubwa au linahitaji mashauriano. Na habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Muda ukipita kimya, ukimya wenyewe huhesabiwa kuwa ni kukataliwa, na aliyekataliwa ana siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo wengi tunaifahamu kwa jina la Ombudsman.

Mzee alinionya pia kuhusu upande wa pili wa sheria. Kifungu cha 6 kinaruhusu taasisi kuzuia habari zitakazohatarisha usalama wa taifa, maisha ya mtu, faragha ya mtu mwingine au mwenendo wa haki. Kwa maoni yake nisipoteze nguvu zangu kuomba maelezo ya mashahidi wakati faili bado iko wazi. Nilikubaliana naye kwa nusu tu. Niliyaomba hata hivyo, kwa sababu niliona kwamba kama yanazuiwa, basi anayezuia na aandike kwamba amezuia na aeleze kwa nini.

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Nilimwandikia mkuu wa kituo, na kwa kuwa sheria inamfanya mkuu wa taasisi nzima kuwa ndiye afisa wa habari, nilipeleka nakala kwa Inspekta Jenerali jijini Nairobi kwa rejista ya posta. Aya iliyobeba uzito wote ilisema hivi: "Naomba nakala ya maandishi yaliyo chini ya nambari OB 41/9/11/2018, pamoja na maandishi mengine yote ya kitabu hicho ya tarehe 9 na 10 Novemba 2018 yanayoonyesha askari walivyotoka kwenda mahali pa ajali na walivyorudi." Sehemu hiyo ya mwisho ilitoka kwa mzee. Yeye ndiye aliyejua kwamba askari akitoka kazini nje ya kituo hujiandikisha katika OB, na akirudi hujiandikisha tena pamoja na alichokikuta, kwa hiyo ajali moja huacha alama zaidi ya moja katika kitabu. Chini yake niliorodhesha ripoti ya ukaguzi wa lori, mchoro wa eneo na maelezo ya mashahidi, nikaandika kwamba niko tayari kulipia nakala, nikaambatisha nakala ya kitambulisho changu, ya cheti cha kifo na ya abstrakti.

Shughuli kubwa ikawa kupata muhuri. Askari wa kaunta aliipokea barua akataka kuiweka chini ya rundo la karatasi nyingine, nami nikamwomba anigongee muhuri kwenye nakala yangu. Akasema hilo haliko. Nikamwambia kwa sauti ya kawaida, "Afande, siombi kitabu kitoke, naomba nakala, na kwenye hii nakala yangu naomba muhuri na tarehe tu." Nilisimama palepale, nikiwapisha wengine waliokuja na shida zao, mpaka yule sajini alipopita, akaisoma barua tangu mwanzo hadi mwisho, akaingia nayo ndani kwa mkuu wa kituo. Iliporudi ilikuwa na muhuri wa buluu, tarehe na sahihi. Bila muhuri huo nisingeweza kuthibitisha kwamba zile siku 21 zilianza kuhesabiwa lini.

Kituo hakikujibu. Muda ulipokwisha niliiandikia Tume, nikaambatisha nakala yenye muhuri na stakabadhi ya posta, na Tume ikakiandikia kituo ikitaka kieleze kwa nini ombi halijajibiwa. Haukupita muda mrefu nikapigiwa simu na sauti niliyoijua. "Mwalimu," sajini akasema, "njoo na pesa ya fotokopi."

Nilikabidhiwa bahasha yenye kurasa za OB, ripoti ya ukaguzi wa gari, mchoro wa eneo, na barua fupi ya mkuu wa kituo iliyosema kwamba maelezo ya mashahidi yamezuiwa kwa kuwa faili iko mbioni kupelekwa kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Nambari ya simu ya mtu aliyeripoti ilikuwa imefutwa kwa wino mweusi, na hilo niliona ni haki, kwa maana mtu huyo hakuomba kuingizwa katika mambo yetu. Sikukubaliana na muda waliouchukua, lakini barua ile ya kukataa ilikuwa na sababu na sahihi, na hicho ndicho nilichokuwa nimekidai.

Nyumbani nilimsomea Mama kwa Kiswahili, kwa kuwa maandishi yenyewe yalikuwa ya Kiingereza. Saa moja na dakika ishirini na tano usiku mwendesha bodaboda wa stendi iliyotajwa kwa jina alifika kituoni mwenyewe na kuripoti kwamba mzee mwenye baiskeli amegongwa dakika chache zilizopita, na kwamba amemwacha na mwenzake akimkinga na magari. Saa moja na nusu askari wawili na dereva wakatoka. Saa mbili na dakika kumi na tano wakarudi, wakaandika kwamba majeruhi alikutwa akiwa na fahamu na amefikishwa hospitalini. Mama alinitaka nirudie mstari wa wale vijana wawili. Kisha akauliza hiyo stendi iko wapi.

Tulikwenda pamoja. Tulipotaja tarehe na lori, kijana mmoja alizima pikipiki yake akasema ni yeye aliyebaki na mzee. Alimwamkia Mama, "Shikamoo, Mama," akakaa naye kwenye benchi la stendi, akamweleza yote, na kwamba Baba aliuliza kuhusu baiskeli yake. Vijana wote wawili walikubali kumwona wakili.

Ripoti ya ukaguzi ilionyesha kwamba breki za lori zilikuwa mbovu kabla ya ajali, na cheti cha bima kilichonakiliwa humo kilikuwa na jina lililokosekana kwenye abstrakti. Maelezo ya mashahidi tuliyapata baadaye, dereva aliposhtakiwa kwa kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa njia ya hatari. Kesi yetu ya madai ilifunguliwa mwaka 2020, muda wa miaka mitatu ukiwa bado haujakwisha, na ukurasa wa OB ndio uliowekwa kuwa kielelezo cha kwanza.