Anza na maji, samaki baadae

Watu wakiliona tenki langu la samaki pale sebuleni swali ni lile lile, samaki gani wanakaa pamoja bila kugombana? Mi naanzaga na maji. Kama uko Tabata au Kimara unatumia maji ya kisima, sabuni haitoi povu, birika lina ukoko mweupe chini, hayo ni maji magumu, sasa humo ukimwaga neoni, visamaki vidogo ambao kwao ni mito ya Amazon yenye maji laini unawatesa tu hata kama hakuna adui yeyote.

Hili limeniuma mwenyewe. Tenki la kwanza niliuziwa neoni 10 na enjelifishi 2 wadogo kama sarafu, muuzaji akasema wote wapole, na kweli miezi ya mwanzo walikuwa wapole. Ila enjelifishi wakakua, na samaki akishakua chochote kinachoenea mdomoni kwake ni chakula, nikawa naamka asubuhi nahesabu neoni, mara 7, mara 4, na mzoga sioni. Nililia jamani, mimi ndo niliwafungia humo.

Goldifishi na gapi nao wasichanganywe, goldifishi anapenda ubaridi wa nyuzi kama 20 na hapa Dar tenki linafika 29 bila hita. Gapi na moli kukaa pamoja sawa, hao maji magumu wanayapenda.

Kinachonisikitisha ni kwamba tunahangaika na samaki wa Amerika Kusini wakati Ziwa Tanganyika ni letu! Lina sikilidi (jamii moja kubwa ya samaki) zaidi ya aina 200 na karibu wote hawapatikani kwingine duniani, na maji yake ni magumu, pH (kipimo cha asidi, 7 ni katikati) inakaribia 9, kwa hiyo kisima kinachomsumbua neoni hawa kinawafaa zaidi (sisemi kile cha chumvi ya baharini, hicho hapana, tafuta maji yasiyo na chumvi).

Lakini kutoka ziwa moja haimaanishi wanaelewana. Chukua sikilidi wawili wa humo, Tropheus anakwangua mwani kwenye mawe, utumbo wake mrefu, ukimlisha minyoo tumbo linavimba anakufa, wakati frontosa anakula samaki wenzake na anafika sentimita 30, sasa hao wawili utawalisha nini kwenye tenki moja? Mi Tropheus wangu nawapa spirulina (chakula cha mwani) na mchicha niliouchemsha kidogo. Halafu Tropheus ni wagomvi wao kwa wao, na watu wengi hukosea hapa, wanaona ugomvi wanapunguza samaki wabaki 4, basi mnyonge anapigwa peke yake mpaka anakufa. Waweke 12 au zaidi kwenye tenki refu, kama mita moja na robo hivi, mawe mengi, kipigo kinagawanyika hakuna anayeonewa sana. Ila wakiwa wengi hivyo na joto letu hili umeme ukikatika hewa inaisha haraka, nunua pampu ya betri mapema, usisubiri yakukute.

Sasa hivi nina Tropheus duboisi 14. Wakiwa wadogo ni weusi wenye madoa meupe kama nyota, wakikua madoa yanafutika, na tangu wiki iliyopita wawili wameanza kugeuka kichwa bluu, jioni nikirudi kazini nakaa nao hapo chini kwenye mkeka mpaka chakula kinapoa.