Tulipanda treni ya D mpaka mwisho wa reli, Coney Island

Mama alishakaa kwangu Bronx, New York, wiki 3 bila kuona bahari, na mtu wa Tanga huwezi kumfungia ndani hivyo. Jumamosi usiku akaniuliza, "mwanangu, hivi huu mji wenu hauna pwani?" Nikamwambia ipo mama, tena treni hiihii ya hapa kwetu ndio inaishia huko, Coney Island, ufukwe wenye michezo ya kupanda. Hakuniamini kabisa.

Asubuhi tukapanda D pale Norwood 205th Street ambapo laini inaanzia, yaani tulitoka mwanzo wa reli mpaka mwisho wake, karibu saa moja na nusu. Harlem na Manhattan yote tumeipita gizani chini ya ardhi, mama kila kituo "bado?", mpaka treni ilipopanda daraja la Manhattan mwanga ukajaa behewa zima na mto ukaonekana chini, hapo akanyamaza. Ukishaingia Brooklyn mbele huko treni inatoka nje inakwenda juu ya nguzo, inapita usawa wa madirisha ya watu, mama akawa anaangalia mapazia ya wenyewe mpaka nikamwambia mama taratibu.

Stesheni ni Coney Island–Stillwell Avenue, kubwa, reli 8, treni za D, F, N na Q zote zinaishia pale, na juu kuna paa la vioo lenye paneli za sola waliloliweka walipoijenga upya miaka ya 2000 mwanzoni. Kwanza kabisa ilifunguliwa 1919. Mimi hapo ndipo napapenda kuliko hata michezo yenyewe, kwasababu kila mtu anashuka, hakuna anayebaki kwenye behewa, watoto na ndoo zao, wazee wanaongea Kirusi, familia za Wamexico na madeli ya chakula, wote mnashuka ngazi pamoja na upepo wa chumvi unakupiga usoni kabla hujaiona bahari.

Nikamweleza mama kwamba mtaa huu ulijengwa na nauli. Zamani starehe za pale zilitaka mtu awe na hela za kutosha, lakini treni za mjini zilipofika 1920 kwa senti 5 basi dobi, mshonaji, kibarua wa bandarini, wote wakaja, na nauli ikabaki hivyo mpaka 1948. Watu wakapaita himaya ya senti tano. Hata Nathan's, mgahawa wa hotdog uliopo kona ya Surf Avenue, unavuka barabara tu ukitoka stesheni, ilianza 1916 na Nathan Handwerker, Myahudi aliyehamia kutoka Poland, akauza hotdog senti 5 wakati tajiri wake wa zamani, Feltman, anauza 10. Mama hotdog hakugusa, nyama siyo halali, nikamchukulia chipsi.

Kwenye Wonder Wheel nilidhani atakataa. Ni gurudumu la 1920, urefu kama mita 46, vibanda 24 vya kukaa watu, na 16 kati ya hivyo vinateleza kwenye reli ndani ya gurudumu lenyewe ukiwa juu hewani, sisi tukachagua vile vilivyotulia. Mwenyewe alikuwa Denos Vourderis, Mgiriki, muuza hotdog, alimuahidi mchumba wake kwamba ipo siku atamnunulia lile gurudumu na 1983 akalinunua kweli, familia yake mpaka leo wanalitunza. Mama akasema huyo ndio mwanaume.

Kule juu unaona yote, Cyclone, ile reli ya mbao ya magari ya kasi ya michezo, ya 1927, na upande wa pili mnara wa chuma wa Parachute Jump, mchezo wa zamani wa kushuka na miavuli, umesimama peke yake. Ule mnara unaniumiza. Ulikuwa ndani ya Steeplechase Park, bustani iliyodumu tangu 1897, ikafungwa 1964, Fred Trump, tajiri wa majumba, baba yake Donald Trump, akainunua apige maghorofa, na 1966 akaalika watu wakarusha matofali kwenye vioo vya ukumbi wa bustani hiyo. Maghorofa yenyewe hakuyajenga! Mahali ambapo maskini wa mji mzima walicheka miaka yote hiyo, unavunjaje kwa sherehe?

Mwisho tukakata ile njia ya mbao ya ufukweni, mama akavua viatu akashika gauni akaingia maji mpaka vifundoni, mwezi wa tano maji bado barafu lakini hakutoka, akanawa uso, akakaa kimya muda mrefu nami nikamwacha.

Kurudi tulikuta D imesubiri milango wazi, viti vitupu, akachagua cha dirishani. Akauliza treni ya kwanza alfajiri inaondoka saa ngapi, nikamwambia mama hii hailali, inakwenda usiku kucha. Akasema basi jumapili ijayo tuje mapema kabla watu hawajajaa, na yeye atapika maandazi.